Mashine Nne za Mheshimiwa Mtarajiwa

Bweri, Musoma
9 Februari 2025

Mwanangu Mugeta,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, ingawa barua yangu ya Krismasi hukuijibu na bado nina kinyongo. Sisi huku wazima. Binamu yako Marcelina amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, ana sauti ya mpiga mnada. Wanasema amerithi kwangu. Mihogo imeliwa na mbuzi wa jirani. Nimemsamehe jirani mara mbili, ya tatu sijui. Goti linaniuma kila mvua ikikaribia, kwa hiyo mtaa mzima sasa unakuja kuniuliza kama waanike dagaa au waache.

Ungekuwa na simu kama watu wengine ningekwambia hili siku ileile. Lakini ulipotoka gerezani uliapa kwamba simu ndiyo iliyokuwa inakuita kwenye wizi, basi acha nimalize wino, Naomi akuletee akija huko kisiwani kununua dagaa.

Jumanne nilipata mgeni. Abednego, yule mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi Bunda. Anataka ubunge. Uchaguzi bado miezi, ila yeye tayari anaitika "Mheshimiwa", na wapambe wake wawili wanamwita hivyo hata akipiga chafya. Akakaa kwenye kochi langu, akasema, "Mama, nataka huyu mtoto wa kaka yako apande jukwaani, aseme alikuwa mwizi wa mashine za boti na mimi ndiye niliyembadilisha."

Nikamuuliza, "Ulimbadilisha lini?"

"Siku hiyo atakayopanda jukwaani."

Nikampa chai bila sukari. Nikamwambia sijui unakaa wapi. Mungu anisamehe, maana picha yako umesimama mwaloni, pale boti zinapoegeshwa, na nyuma yako boti imeandikwa RUKUBA kwa herufi kubwa, ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake.

Unamfahamu huyu mtu? Alivyotaja jina lako, halikuwa geni mdomoni mwake.

Mimi shangazi yako,
Euphrasia

*

Kisiwa cha Rukuba
1 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilifika imelowa, nikaianika juu ya paa pamoja na soksi, ndiyo maana nimechelewa. Hongera kwa Marcelina. Mimi mzima. Mzee Revocatus, huyu mwenye boti aliyenipokea nilipofika na mfuko mmoja wa plastiki, anakusalimu sana. Amenijengea kibanda kipya cha ufundi, kina bati. Siku hizi hakuna mashine ya boti inayokohoa hapa kisiwani ambayo haipiti mikononi mwangu. Mzee ananiitaga "fundi" mbele za watu. Sijazoea.

Huyo mgeni wako hakuhitaji uongo wako. Alishafika. Tarehe 20 alikuja na boti mbili, spika mbili na mashine nne zinameremeta rangi ya bluu. Akasema ni zawadi kwa wavuvi, atazikabidhi rasmi baadaye Bunda mbele ya waandishi wa habari, leo ameleta tuzione kwa macho. Watu wakapiga makofi. Kisha akaniita mbele: "Fundi, hebu washa moja wasikie mlio!"

Nikafungua mfuniko. Nikaangalia. Nikafunga.

Nikasema, "Plagi zimekufa."

Akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Akacheka, akanivuta pembeni, akaniambia habari za jukwaa. Nikamjibu kwamba nikipewa kipaza sauti nina tabia ya kueleza mambo mpaka mwisho. Hapo hakucheka.

Yameishia hapo, usiwe na wasiwasi. Msalimie mtoto.

Mwanao,
Mugeta

*

Bweri
16 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto amebatizwa, Padri kamwagia maji naye kamjibu kwa kelele mpaka kwaya ikapoteza sauti. Mbuzi wa jirani karudi. Sikusamehe, nilimfunga kwangu siku nzima na kumkamua.

Sasa wewe. Umenipa mfuniko, chungu umebaki nacho. "Nikafungua, nikaangalia, nikafunga." Uliangalia nini?

Nakuuliza kwa sababu Jumamosi tarehe 8 Abednego alifanya mkutano Nyamuswa, akalia machozi kabisa, leso nyeupe. Anasema zile mashine nne zimeibwa kwenye stoo yake ya Bunda. Kufuli limevunjwa. Akasema, "Namjua ni nani! Kuna mtu amejificha Rukuba anajiita fundi!" Akaahidi kwamba akipata ubunge, wa kwanza kuwekwa ndani ni wewe. Watu wakashangilia. Nilikuwepo, usiniulize nilikwenda kutafuta nini.

Jumatatu wakaja askari wawili hapa kwangu, vijana wenye adabu. Wakatazama chini ya kitanda. Nikawaambia, "Wanangu, mashine ya boti ni ndefu kuliko mimi, ningeilaza wapi?"

Kwa hiyo sikiliza. Usitoke kisiwani. Ukionekana Bunda hata unanunua chumvi, watasema umekuja kuuza mashine. Kaa hapo, na mimi nakuahidi sitajiingiza.

Na niambie uliona nini.

Euphrasia

*

Rukuba
11 Aprili 2025

Shikamoo Shangazi,

Nashukuru habari za ubatizo. Hapa mvua zimeanza, sato wanapatikana kidogo, dagaa wapo. Hao askari walifika na huku. Walipekua kibanda mpaka kwenye kopo la misumari. Watu wa kisiwa walisimama wanaangalia. Wengine wameanza kwenda kulala na mashine zao ndani ya nyumba. Hakuna anayenitukana. Wanapunguza tu salamu.

Sitatoka kisiwani, nakuahidi. Haya, chungu hiki hapa. Nimekiandika mara tatu nikachana.

Miaka ile tulipokuwa tunaiba, unajua tulikuwa tunaiba, ila hukuwahi kuuliza tulikuwa tunauza wapi. Tulikuwa tunampelekea Abednego. Uani, nyuma ya mifuko ya simenti. Nilipokamatwa sikumtaja. Alimtuma mtu aje mahabusu aniambie kwamba shangazi yangu anaishi peke yake Bweri na mlango wake ni wa mbao. Maneno hayo tu. Nikafunga mdomo, nikala miaka yangu sita.

Zile mashine nne si mpya. Ni rangi tu. Chini ya mfuniko namba zimesagwa kwa tupa, na msago ni wa mkono wangu, mimi nilikuwaga nasaga kwa kukatisha kama anayekwangua samaki. Ni zetu zilezile, Shangazi. Zilizokosa wateja amezifungia miaka kumi, sasa anawagawia wavuvi mali yao wenyewe na wanampigia makofi. Alipoona nimeona, akazificha, na wizi akanibandika mimi.

Kuna kingine. Mahakamani nilikiri mashine tano. Ya sita hawakuniuliza, nikanyamaza. Ilikuwa ya mwaka 2014, ina kiraka cha kuchomelea kwenye kile chuma kinachobana boti. Siku ile nilipofungua mfuniko nilikiona kiraka hicho.

Ni ya Mzee Revocatus, ambaye siku ile alikuwa ziwani. Aliuza ng'ombe wanne baada ya hapo ili aanze upya. Amenisimulia mwenyewe habari hiyo, jioni moja, akinimegea samaki. Akasema, "Huyo mwizi sijui kama aliwahi hata kula vizuri."

Nimekula chakula chake miaka mitatu.

Mugeta

*

Bweri
20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka

Mwanangu,

Bwana amefufuka. Sisi wazima, tumekula kuku.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kwa hiyo ulikaa kimya kwa ajili ya mlango wangu wa mbao. Miaka yote sita nilikuwa nakuja kukuona na michembe yangu ya viazi vikavu nikikulaumu kwamba unawalinda wezi wenzako. Ungeniambia, ningeweka mlango wa chuma.

Hilo la Abednego tuliache. La Revocatus, mwambie. Usingoje ajue kwa mtu mwingine. Jambo la namna hii likitoka mdomoni mwako ni toba, likitoka mdomoni mwa Abednego ni wizi wa pili.

Mimi sijajiingiza katika lolote. Ukisikia watu wanasema nimekuwa mkuu wa kamati ya chakula kwenye kampeni ya Mheshimiwa, watu wanasemaga mengi.

Euphrasia

*

Rukuba
18 Mei 2025

Shikamoo Shangazi,

Tunaendelea vizuri. Naomi anasema goti lako limepona na unatembea sana siku hizi, kwenda Bunda, kwenda Butiama. Nafurahi kwa ajili ya goti.

Nilikuahidi sitatoka kisiwani. Nilitoka, Jumanne. Nilipanda boti ya abiria mpaka Musoma, nikaenda kituoni kwa miguu yangu, nikamuulizia Afande Ghati. Yule mama wa upelelezi aliyenikamata mwaka ule, aliyenifukuza kwenye matope ya mwalo akiwa na viatu vya kanisani. Sasa ana nyota begani.

Akaniangalia, akasema, "Mwizi akija kituoni mwenyewe najiulizaga ameiba nini njiani."

Nikamwambia yote. Ya uani, ya rangi, ya tupa, hata ile ya sita. Aliandika kurasa nne bila kuinua kichwa. Mwisho akaweka kalamu.

"Nakuamini," akasema. "Lakini imani yangu haina namba ya jalada. Nikienda kupekua nyumba ya mtu kama yule kwa neno la mfungwa wa zamani, nikakosa, kesho ninahamishiwa mbali na wewe unarudi ndani. Niletee mashine, usiniletee hadithi."

"Na ile ya sita?"

"Mwenye mali ni Revocatus. Akitaka jalada lifunguliwe, nitalifungua, na nitakukamata. Safari hii nimevaa buti."

Nikatoka hapo nikafika mpaka Bweri. Nilisimama barabarani nikaona kamba yako ya nguo. Nikataka kuingia, nikakumbuka ahadi, nikaona aibu, nikageuza. Ila Shangazi, pale kambani kulikuwa na kanga tatu zenye uso wa Abednego. Tatu! Yeye anacheka, wewe umembana kwa vibanio masikioni. Unafanya nini?

Mzee Revocatus bado sijamwambia. Nilijaribu Ijumaa. Nikaanza, "Mzee, kuna jambo," akasema, "Ndiyo, ile kabureta," basi tukaongea kabureta.

Mugeta

*

Bweri
8 Juni 2025, Pentekoste

Mwanangu Mugeta,

Marahaba, na keti chini. Habari za nyumbani utazipata mwishoni, leo sina subira.

Ndiyo, nilijiingiza. Tangu mwezi wa tatu. Nilikwenda mwenyewe kuomba kazi ya mapishi. Nilimwambia Abednego kwamba nimekukana, wewe si damu yangu tena. Alifurahi mpaka akanipa kanga. Nilijiambia: mtu mwenye la kuficha huwa anawaogopa askari na waandishi, lakini hajawahi kumwogopa mama mwenye mwiko.

Jana alifanya karamu kubwa ya shukrani kwa mama yake mzazi, kijijini karibu na Butiama. Maturubai matano. Wajumbe wa chama, wazee, padri, wavuvi wa visiwani waliosombwa kwa basi ili wapewe fulana. Mzee wako Revocatus alikuwemo. Wiki nzima kabla ya hapo mimi na kina mama tulikuwa kwa Bibi Boke, huyo mama yake, tunachagua mchele. Bibi ana miaka themanini na kitu, mtu wa ukweli. Siku ya pili tu akanilalamikia: "Maharage yangu yananuka petroli. Mwanangu amenijazia stoo madude yake, amefunga, ufunguo ameniachia na kusema nisimwonyeshe mtu."

Ijumaa nikaenda mpaka Musoma kumkaribisha Afande Ghati karamu. Nikamwambia hakuna hadithi, kuna pilau tu. Akaja, amevaa gauni la maua, akakaa na vijana wake wawili meza ya nyuma.

Saa saba mchana Abednego akashika kipaza sauti. Nami nikamwendea Bibi Boke na bakuli. "Mama, maharage hayatoshi, inabidi nichukue ya stoo. Lakini haya yakinuka petroli, wageni watawaka."

Bibi akakasirika kweli. Akachukua ufunguo, akawaita vijana sita wenye fulana za mwanawe: "Njooni mnitolee haya madude, nimechoka!" Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na masufuria. Nani aliyapanga pale, Mungu anajua. Ikabidi wapite mbele, katikati ya maturubai.

Abednego alikuwa anasema, "Mwizi wa Rukuba amewanyima wavuvi usingizi! Nani anajua mashine zile ziko wapi leo?"

Na vijana wake wenyewe wakapita mbele yake nazo, wawiliwawili, wakaziweka kwenye kivuli cha meza kuu. Wakarudi kuchukua ya nne.

Hapo, Mugeta, nilisikia mafuta yanachemka jikoni.

Kisha akapayuka, "Ni hila za maadui! Mugeta ameziweka hapa!"

Bibi Boke akauliza, na kipaza sauti kikamdaka, "Mugeta gani? Si ulizileta wewe na pikapu, Jumatano ya Majivu, una majivu usoni? Ukasema nisimwambie mtu. Nami sikumwambia mtu. Nimezitoa tu."

Jumatano ya Majivu, na wizi aliutangaza Jumamosi ya wiki ileile! Kulikuwa na padri pale mwenye kalenda kichwani, akahesabu kwa vidole mbele ya watu. Afande Ghati akaweka sahani chini, akaenda, akafungua mfuniko wa kwanza. Nyama yake hakuimaliza, ndiyo huzuni yangu pekee ya siku ile. Abednego aliondoka kwenye karamu yake katika gari la polisi, leso ileile nyeupe mkononi, na wajumbe wa chama wakaanza kuvua fulana.

Bibi Boke ndiye aliyeniumiza. Aliniuliza, "Kwani nimekosea?" Nikakaa naye mpaka jioni. Nikamwoshea vyombo. Nimecheka sana jana, lakini hapo sikucheka.

Sasa Revocatus. Alizunguka zile mashine, akafika ya tatu, akapitisha kidole gumba kwenye kiraka. Akasema, "Hii ni yangu." Hakupiga kelele. Akanijia. "Wewe ndiye shangazi wa fundi wangu. Nani aliichukua?"

Ulimi wangu umezoea kukimbia, jana ukagoma. Nikamwambia, "Mzee, jibu lako liko Rukuba. Likikukimbia, nitalifuata mwenyewe."

Boti yake itafika kabla ya barua hii. Kwa hiyo ukisoma hapa, ama umeshasema, ama umeshakimbia. Kama umekimbia, usiniandikie tena.

Mtoto ameota jino.

Euphrasia

*

Rukuba
29 Juni 2025

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia, kwa hiyo umejua.

Mzee alishuka mwaloni Jumapili ile asubuhi. Nilikuwa nimeshaambiwa na watu wa boti ya kwanza, kisiwa kizima kilikuwa kinacheka na kunisalimia mara mbilimbili. Nikampokea mzigo. Nikamwambia palepale, kabla hajakanyaga mchanga mkavu: "Mzee, ni mimi. Mwaka 2014. Mashine yako niliichukua mimi."

Akachukua mzigo wake mkononi mwangu, akaenda zake.

Siku nane hakunisemesha. Chakula kilikuja kama kawaida, mkewe alikiweka mlangoni. Kukila ilikuwa kazi kuliko kulima. Nilifungasha mfuko wangu, nikaufungua, nikaufungasha. Sikuogopa jela peke yake. Niliogopa kwamba atanisamehe kwa maneno matamu nisijue yanatoka wapi.

Siku ya tisa akasimama mlangoni. "Tunakwenda Musoma. Polisi wananiita kuitambua mashine. Utaendesha wewe."

Tukaondoka saa mbili asubuhi, wawili tu. Ziwa limetulia. Tulipokiacha kisiwa nyuma, akatandika koti lake kwenye mbao, akanigeuzia mgongo, akalala. Alikoroma, Shangazi. Na mimi nimeshika usukani, petroli imejaa, Ukerewe upande mmoja, Kenya upande mwingine, na mwenye kesi yangu amelala. Nilitamani, sitakuficha. Niliuangalia ule mgongo muda mrefu. Kisha nikaelekeza boti Mwigobero, mwalo wa Musoma, nikaenda polepole ili mawimbi yasimwamshe.

Kituoni Afande Ghati alitupokea. Alisema Abednego amejitoa kwenye mbio za ubunge kwa sababu za kiafya, na kesi yake itatajwa mwezi ujao, mimi ni shahidi. Kisha akatoa karatasi nyingine, nyeupe, akamgeukia Mzee.

"Unamfahamu aliyekuibia?"

"Namfahamu."

"Unataka nifungue jalada?"

Mzee akawaza. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

"Aliyeniibia alikuwa kijana mmoja mwembamba, hana haya," akasema. "Huyu aliyenileta ni fundi wangu, na kesho ana mashine tatu za kutengeneza. Mkimpata yule mwembamba, mniite."

Afande akairudisha ile karatasi kwenye droo. Akaniambia nitoke nje haraka kabla hajabadilisha viatu.

Tukatembea mpaka mwaloni. Mwisho nikasema, "Mzee, asante kwa kuniamini. Ulilala usingizi mzito kabisa."

Akasimama. Akanitazama kama ulivyonitazamaga wewe nikiwa mtoto na sukari mdomoni.

"Nani alilala?" akasema. "Mugeta, nimekoroma kutoka Rukuba mpaka hapa bila kupumzika. Koo linaniuma. Ninunulie soda."

Nikamnunulia mbili.

Mwanao,
Mugeta